SOMO LA ROBO HII: Kuchagua Miwani ya Kinga kwa Karakana na Miradi ya Sharika



Kila robo mwaka ofisi yetu ya miradi hupokea maombi kutoka sharikani. Orodha ya vifaa huwa ndefu: mashine ya kuchomelea, grainda, msumeno wa umeme, randa, bomba la kupulizia dawa shambani. Mwisho kabisa, pale chini, hukuta mstari mmoja: "miwani, pea 10". Haielezwi ni miwani ya namna gani, ni ya kazi gani, wala itavaliwa na nani. Na bajeti inapozidi, mstari huo ndio wa kwanza kukatwa.

Kwa sababu hiyo tumeona robo hii tujifunze pamoja juu ya miwani ya kinga. Somo limeandaliwa ili lisomwe katika kikao kimoja cha kamati ya maendeleo. Tunapendekeza fundi mkuu wa karakana aalikwe, na wakulima wawili watatu wanaopulizia dawa. Mwisho wa somo kuna maswali ya kujadili.

1. KWA NINI TUJALI

Mkono ukikatwa, damu hutoka na kila mtu hukimbia kusaidia. Jicho huumia kimya kimya. Chembe ya chuma huweza kupenya ndani ya jicho na kuacha tundu dogo kuliko kichwa cha sindano. Mtu husikia kama vumbi, husugua, hunawa, kisha huendelea na kazi.

Katika mojawapo ya karakana zinazohudumiwa na sharika zetu, kijana mwanagenzi alikuwa akigonga tindo kwa nyundo. Kichwa cha tindo kilikuwa kimepanuka na kumeguka pembeni kama uyoga, kwa kupigwa miaka mingi. Kipande kiliruka. Kijana alidhani ni vumbi. Siku ya tatu, jicho likiwa jekundu na limeanza kupoteza nuru, ndipo alipofikishwa kwa daktari wa macho. Jicho lile halikuokolewa. Miwani ya karakana ilikuwepo siku ile, ndani ya kabati lililofungwa, na mwenye ufunguo alikuwa safarini.

Tunasimulia tukio hili kwa sababu lina mambo matatu ambayo kamati yoyote inaweza kuyazuia: kifaa kibovu, kinga isiyofikika, na kuchelewa hospitali. Kijana yule alikuja kujifunza ufundi ili asaidie wadogo zake shuleni. Mradi ulioanzishwa ili kumwinua usimwache na jicho moja.

Ikumbukwe pia kwamba suala hili ni la kisheria. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri awapatie wafanyakazi vifaa vya kinga vinavyofaa na avitunze. Usharika unaoajiri mafundi ni mwajiri kama waajiri wengine. Na hata pale ambapo mwanagenzi halipwi mshahara, bado macho yake yako chini ya dhamana yetu.

2. TUANZE NA KAZI, TUSIANZE NA DUKA

Kosa linalojirudia katika manunuzi ni kwenda dukani kwanza. Muuzaji huonyesha alichonacho, na sisi hununua kilicho rahisi. Tuanze na kazi. Watu wawili wa kamati watembelee karakana au shamba wakiwa na daftari, na kwa kila kazi waulize: Ni kitu gani kinaweza kufika kwenye jicho? Kinatoka upande gani? Kwa kasi gani? Nani mwingine amesimama karibu?

Kabla ya kuandika neno "miwani", waulize kama hatari yenyewe inaweza kupunguzwa. Tindo lililopanuka kichwa linolewe upya au litupwe. Grainda irudishiwe ile kinga yake ya chuma ambayo mafundi wengi huifungua ili kufikia kona. Sehemu ya kuchomelea izungushiwe pazia zito lisiloshika moto kwa urahisi, ili watoto na wapita njia wasipigwe na mwanga. Miwani ni kinga ya mwisho, baada ya hizi nyingine kufanyika.

3. HATARI TANO ZA KUTAZAMA

(a) Vitu vinavyoruka. Hapa tunaweka kugonga tindo, kupasua kokoto, kutumia grainda, kuranda na kukata mbao. Tuchukue grainda ndogo ya kawaida yenye diski ya milimita 115, inayozunguka mara 11,000 kwa dakika. Ukipiga hesabu, ukingo wa diski hiyo unakwenda mita 66 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 230 kwa saa. Diski ikipasuka, kipande chake huondoka kwa kasi hiyo hiyo. Hakuna anayeweza kufumba jicho kwa wakati.

(b) Vumbi. Ni vumbi la mbao, saruji, mawe na msasa. Vumbi huzunguka na kuingia kwa pembeni, juu na chini ya miwani ya kawaida.

(c) Kemikali. Wengi wetu tukisikia kemikali tunafikiria maabara. Lakini chokaa na saruji mbichi ni kemikali kali za aina ya alkali. Alkali ni hatari kuliko tindikali nyingi kwa jicho, kwa kuwa huendelea kupenya ndani badala ya kuishia juu. Mkulima wa kahawa anayechanganya mrututu na chokaa, fundi anayepaka kuta chokaa, na yule anayeongeza tindikali kwenye betri ya gari, wote wamo. Kwa viuatilifu, saa ya hatari kubwa zaidi ni ile ya kupima na kuchanganya dawa ambayo bado haijatiwa maji.

(d) Mwanga na joto. Mwanga wa kuchomelea kwa umeme una mionzi ya urujuanimno ambayo haionekani, nayo huunguza konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho. Maumivu hayaji hapo hapo. Mara nyingi huanza saa 6 hadi 12 baadaye, usiku wa manane, na mtu hujisikia kama amemwagiwa mchanga machoni. Kuchomelea na kukata kwa gesi nako kuna mwanga mkali, joto, na matone ya chuma kilichoyeyuka.

(e) Majani na matawi. Hii husahaulika kabisa. Jani la mahindi, tawi la mkahawa wakati wa kupogoa, au ncha ya mkonge, likikwaruza jicho huweza kuacha ukungu wa fangasi ndani ya kidonda. Kidonda cha fangasi kwenye konea ni kigumu kutibu, na huweza kupofusha jicho ambalo mwanzo lilikwaruzwa tu.

4. AINA ZA VIFAA NA MAHALI PAKE

Miwani ya kinga yenye ngao za pembeni. Ni nyepesi na huvaliwa kwa muda mrefu bila kuchosha. Inafaa kwa kugonga, kuranda, kupogoa, na kwa kila mtu anayeingia karakana. Haifai kwa vumbi jingi wala kemikali, kwa sababu haijaziba.

Miwani ya kuziba, ile yenye mkanda unaozunguka kichwa na mpira laini unaokaa usoni. Hapa tuwe makini na matundu ya hewa. Yako matundu ya wazi, ambayo ukitazama unaona moja kwa moja hadi ndani. Hayo huzuia vipande vinavyoruka, lakini tone la dawa hupita. Kwa kemikali tunahitaji matundu yaliyofunikwa, ambayo hewa hupita kwa kuzunguka. Kwa macho ya muuzaji miwani hizi mbili ni moja. Kwa mpulizia dawa tofauti yake ni kubwa sana.

Ngao ya uso. Ni kioo cha plastiki kinachofunika uso mzima. Inafaa kwa grainda na kwa kuchanganya dawa. Lakini ngao peke yake haitoshi, kwa kuwa iko wazi chini na pembeni, na fundi huinua mara kwa mara. Ngao huvaliwa juu ya miwani.

Kofia ya kuchomelea au ngao ya mkononi yenye kioo cheusi. Hii ni kwa kuchomelea kwa umeme. Fundi anapomaliza, huinua kofia na kugonga lile ganda linalobaki juu ya maungio. Ganda hilo ni la moto na huruka. Hivyo fundi avae miwani myeupe ya kinga ndani ya kofia muda wote.

Miwani ya wavu. Ina wavu wa chuma badala ya kioo. Haipati ukungu wa jasho, na kwa akina mama wanaopasua kokoto juani hilo ni jambo la maana, kwa kuwa miwani inayopata ukungu huvuliwa ndani ya robo saa. Lakini wavu huzuia vipande vikubwa tu. Vumbi, chembe ndogo na maji hupita. Isitumike kwa grainda wala dawa.

Na sasa vile ambavyo siyo kinga. Miwani ya jua siyo kinga ya kuchomelea, hata ukivaa miwili kwa pamoja. Filamu ya eksirei siyo kinga. Miwani ya kusomea siyo kinga pia. Kioo chake hakikutengenezwa kwa kupigwa, na kikivunjika vipande huelekea jichoni.

5. KUSOMA ALAMA KABLA YA KULIPA

Miwani ya kinga ya kweli imeandikwa. Tafuteni maandishi madogo kwenye kioo na kwenye fremu. Kama hakuna alama yoyote, msinunue, hata kama muuzaji anaapa.

Alama za Ulaya. Miwani mingi iliyotengenezwa kwa kiwango cha Ulaya ina namba EN 166 kwenye fremu. Baadaye kilitolewa kiwango kipya, ISO 16321, kwa hiyo mtakutana na alama za namna zote mbili. Kwa EN 166, herufi huonyesha nguvu ya kuhimili kipigo. F imepimwa kwa kipande kinachokwenda mita 45 kwa sekunde, B kwa mita 120, na A kwa mita 190. Miwani ya kawaida yenye ngao za pembeni huishia F. Miwani ya kuziba hufika B. A hupatikana kwenye ngao ya uso peke yake. Sasa rudini kwenye hesabu yetu ya diski ya grainda, mita 66 kwa sekunde. F inasaidia kwa cheche, lakini kwa kipande cha diski tunataka ngao yenye B, na miwani chini yake.

Namba kwenye fremu nazo zina maana: 3 ni kwa matone ya kemikali, 4 ni kwa vumbi la kawaida, 5 ni kwa vumbi laini sana na gesi, na 9 ni kwa chuma kilichoyeyuka. Anayenunua miwani ya kupulizia dawa atafute 3. Kama kioo kina herufi moja na fremu ina nyingine, hesabuni ile iliyo dhaifu.

Ziko pia namba 1, 2 na 3 kwenye kioo zinazoonyesha ubora wa kuona. Namba 1 ndiyo ya kuvaliwa kutwa. Namba 3 ni ya kazi fupi tu, maana huchosha macho na kuleta kichwa kuuma. Msichanganye 3 ya kioo na 3 ya fremu.

Alama za Marekani. Hapa tafuteni Z87. Ikiwa na alama ya kujumlisha, yaani Z87+, imepimwa kwa vipigo vikali. D3 ni kwa matone ya kemikali, D4 kwa vumbi, D5 kwa vumbi laini. W ikifuatiwa na namba ni kioo cha kuchomelea.

Kuhusu kioo chenyewe, plastiki ngumu iitwayo polikaboneti ndiyo bora kwa vitu vinavyoruka. Haipasuki kirahisi, na hata ikiwa nyeupe huzuia karibu mionzi yote ya urujuanimno. Hata hivyo haipunguzi ule mwanga mkali wenyewe, hivyo haichukui nafasi ya kioo cheusi. Udhaifu wake ni kwamba hukwaruzika upesi na huharibiwa na viyeyushi vya rangi.

6. KIOO CHA KUCHOMELEA: GIZA KIASI GANI?

Kioo cheusi kina namba. Namba ikiwa kubwa, giza ni zaidi. Kwa kuchomelea kwa vijiti vya umeme, fuateni mwongozo huu:

– Chini ya ampea 60: namba isipungue 7.
– Ampea 60 hadi 160: isipungue 8, na inayofaa ni 10.
– Ampea 160 hadi 250: isipungue 10, na inayofaa ni 12.
– Ampea 250 hadi 550: isipungue 11, na inayofaa ni 14.

Karakana zetu nyingi hutumia vijiti vya milimita 2.5 na 3.2 kutengeneza mageti, madirisha na madawati. Kazi hiyo huangukia kundi la pili. Kwa hiyo kama hamjui muandike nini kwenye maombi, andikeni namba 10. Kwa kuchomelea kwa gesi, namba 4 hadi 8 hutosha kulingana na unene wa bati, na kwa kukata kwa gesi namba 3 hadi 6. Miwani ya gesi kamwe isitumike kwa umeme. Mwanga wa umeme ni mkali mara nyingi zaidi.

Fundi ajaribu kwa kuanza na kioo cheusi mno hadi asione kazi, kisha ashuke namba moja moja mpaka aone vizuri maungio, bila kushuka chini ya kile kiwango cha chini.

Kofia za kisasa zinazojitia giza zenyewe zinapatikana siku hizi. Ni nzuri kwa mwanagenzi, kwa kuwa haimlazimu kutikisa kichwa kushusha kofia. Lakini zinategemea betri au kidirisha cha jua. Karakana ikizichagua, itenge fedha za betri na itunze kofia moja ya kawaida ya akiba.

Mwisho, kila kofia ina vioo viwili: cheusi, na cheupe mbele yake kinacholinda kile cheusi. Cheupe huliwa na cheche na ni cha bei nafuu. Nunueni vya akiba. Fundi aliyekosa kioo cheupe huanza kuinua kofia ili aone, na hapo ndipo jicho linapoungua. Kioo cheusi chenye ufa kitupwe siku hiyo hiyo.

7. USO WA MVAAJI

Hakuna pea 10 zinazokaa sawa kwenye nyuso 10. Miwani iliyotengenezwa kwa pua ndefu na nyembamba huteleza kwenye pua pana na kuacha nafasi pembeni. Kabla ya kununua kwa wingi, leteni pea mbili tatu za mfano, mafundi wavae, wainame, watikise kichwa. Nafasi kati ya miwani na uso isizidi unene wa kidole. Mkanda wa kurekebisha na mikono ya miwani inayovutwa ina thamani kuliko rangi nzuri.

Wako mafundi wenye umri wa miaka 40 na kuendelea ambao hawaoni tena vitu vya karibu. Wengi hawasemi. Mtawatambua kwa kusogeza kazi mbali, au kwa kuvua miwani ya kinga ili wavae ya kusomea. Kwao ipo miwani ya kuziba mipana inayovaliwa juu ya miwani ya macho. Wapimwe macho kwanza, kisha wanunuliwe ile.

Tukisikia kwamba "mafundi wanakataa kuvaa", tuulize sababu kabla ya kuwalaumu. Mara nyingi jibu ni ukungu wa jasho, mikwaruzo, au kichwa kubanwa. Vioo vyenye dawa ya kuzuia ukungu vipo. Kwa EN 166 vina herufi N, na vinavyostahimili mikwaruzo vina herufi K. Baada ya hapo ndipo kanuni iwekwe, nayo imhusu kila anayeingia: fundi, mwanagenzi, mchungaji aliyekuja kutembelea, na mfadhili aliyekuja na kamera.

8. KUTUNZA NA KUGAWA

Kila mtu awe na pea yake yenye jina lake. Miwani inayovaliwa na watu wengi hupitisha magonjwa ya macho, na kitu cha wote hakina mlinzi. Ikae kwenye mfuko wa kitambaa au juu ya msumari kwenye ubao ulio wazi, kwa mpangilio wa majina. Isifungiwe kabatini.

Ioshwe kwa maji na sabuni kidogo. Kuifuta ikiwa kavu na ina vumbi ni sawa na kuipiga msasa. Miwani ya dawa ioshwe pamoja na mpira wake kila baada ya kupulizia. Mara moja kwa mwezi mwanakamati mmoja apite na kukagua: ikiwa na ufa, mikwaruzo mbele ya mboni, au mkanda uliolegea, ibadilishwe.

9. JICHO LIKIUMIA

Kwa chokaa, saruji, tindikali au dawa: maji kwanza, hospitali baadaye. Kama ni unga mkavu, upangusweni usoni kwanza. Kisha fungueni kope kwa vidole na mwage maji safi mengi mfululizo kwa dakika 20 au zaidi, mkitazama saa. Dakika za mwanzo ndizo zinazoamua. Kwa sababu hiyo kila karakana na kila timu ya kupulizia iwe na ndoo ya lita 20 yenye bomba, imejaa maji safi. Baadaye mpelekeni hospitali pamoja na chupa au lebo ya dawa.

Kwa kitu kilichochoma jicho: msikichomoe, msisugue, msimwagie dawa. Lifunikeni kwa kikombe cha plastiki bila kuligandamiza, na mgonjwa afike kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo. Yeyote aliyekuwa akigonga chuma kwa chuma na akahisi kitu jichoni achukuliwe kuwa ameingiwa na chuma, hata kama anaona vizuri.

Kwa mwanga wa kuchomelea: maumivu hupungua kwa siku moja hadi mbili. Aende zahanati. Asitie maziwa wala viazi, na asijinunulie matone ya ganzi, kwa kuwa yakitumiwa mara kwa mara huharibu konea.

Kwa jani au tawi: jicho likiendelea kuuma au kuwa jekundu siku ya pili, hospitali. Dawa za mitishamba zinazotiwa jichoni huingiza vijidudu kwenye kidonda. Matone yenye steroidi yanayouzwa bila cheti huupa fangasi nafasi ya kukua. Kila kamati iwe na namba ya simu ya kituo cha karibu chenye mtaalamu wa macho, na ijue ni wapi rufaa inakwenda. Kwa mikoa ya kaskazini ni Hospitali ya KCMC, Moshi.

10. MSTARI WA BAJETI

Kuanzia sasa tunaziomba kamati zisiandike "miwani, pea 10". Andikeni hivi, kwa mfano: "Wapulizia dawa 6: miwani ya kuziba, matundu yaliyofunikwa, alama 3 au D3, pea 6 na akiba 2. Wachomeleaji 4: kofia zenye kioo namba 10, kofia 4, miwani myeupe F au Z87+ pea 4, vioo vyeupe vya akiba 20, vioo vyeusi vya akiba 4." Leteni na profoma za maduka matatu. Maombi ya namna hiyo tunaweza kuyatetea mbele ya mfadhili yeyote, kwa sababu kila shilingi ina jicho la mtu nyuma yake.

Kwa ninyi wafadhili wetu tuna ombi moja. Mnapotoa mashine, toeni na kinga yake katika bajeti hiyo hiyo, pamoja na fedha za kubadilisha mwaka wa pili na wa tatu. Na mnapotaka kutuma vifaa vilivyotumika, tunaomba miwani iliyokwaruzika na kofia zenye vioo vya ufa zibaki huko. Ni afadhali kutuma fedha ya pea 5 mpya zinunuliwe hapa, ambapo mvaaji anaweza kuzijaribu, kuliko sanduku la pea 50 ambazo hakuna atakayeziona mbele yake.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika usharika wetu, ni kazi zipi zina hatari kwa macho? Tutaje watu wangapi wanazifanya, na ni hatari ipi kati ya zile tano.

2. Miwani tuliyonayo sasa iko wapi, na nani ana ufunguo? Tuilete kikaoni na tusome alama zake.

3. Ni hatari gani tunaweza kuiondoa mwezi huu bila fedha yoyote? (Tindo, kinga ya grainda, pazia.)

4. Mtu akiingiwa na chokaa jichoni leo saa nne asubuhi, maji yako hatua ngapi kutoka alipo?

5. Nani kati yetu atakuwa mkaguzi wa kila mwezi?

Kamati zitakazojibu swali la kwanza na la pili kwa maandishi zitume majibu ofisini kwetu kabla ya mwisho wa robo hii, kupitia kwa mchungaji wa usharika. Tutayatumia kuandaa ununuzi wa pamoja, ili sharika ndogo nazo zipate bei ya jumla.

Ofisi ya Mratibu wa Miradi